Mzizi wa Tatu

Jino hili nililifunga mwezi wa Februari.
Nikalijaza, nikalifunika, nikaandika kwenye jalada:
mizizi miwili, mifereji mitatu, kazi imekamilika.
Hilo "imekamilika" nikalipigia mstari.
Ujeuri wa kalamu.

Mei, Ivalu akarudi.
Anaendesha katapila la kuzoa theluji hapa Sisimiut,
mikono ya chuma, sauti ya taratibu,
na jina lake, aliwahi kuniambia, ni uzi wa kano,
ule wa kushonea ngozi ya sili.
"Nikitafuna upande huu," akasema,
"kuna mtu ananijibu."

Nikapiga eksirei. Safi.
Picha bapa haisemi uongo, husema upande mmoja tu,
kama jirani aliyeshuhudia ugomvi kwenye tundu la ufunguo.
Mzizi umesimama nyuma ya mzizi,
kivuli kimelalia kivuli,
nami nikahesabu viwili, nikaridhika.
Nikaandika: mgonjwa analalamika.

Mwenzangu Thorkild alikwisha kushika koleo kwa macho.
Ling'oe, tuweke la bandia.
Lakini jino la pembe si dawa ya pengo,
na gego lile halikutikisika hata nilipoligonga.

Basi Nuuk, kwa ndege ya mapanga,
kwenye mashine inayokizunguka kichwa mara moja, polepole,
kama mnunuzi azungukavyo mbuzi mnadani
kabla hajataja bei.
Kidevu hapa. Uma kijiti. Usimeze mate.
Sekunde kumi na nane.

Usiku ule nilikaa na taya lake kwenye kioo.
Nikalikata gego bila kulikata,
chane baada ya chane, kutoka juu kwenda chini:
ukuta, chumba, sakafu ya chumba,
tundu, tundu, tundu,
kisha upande wa ulimi, nyuma kabisa,
nukta.
Nikadhani ni uchafu. Nikaipangusa kwa kidole.
Haikufutika.
Nikashuka nayo. Nukta ikawa mfereji,
mfereji ukawa mzizi, mfupi,
umejikunja kama kidole kinachomwita mtoto jikoni,
na nchani mwake, weusi wa mfupa ulioliwa,
ukubwa wa punje ya dengu.

Kumbe.

Asubuhi nikamgeuzia Ivalu kioo.
Nikalizungusha jino lake hewani, tumbo, mgongo, tumbo.
Alikaa kimya hadi nikadhani amekasirika.
"Mama yangu," akasema, "lake waling'oa mwaka wa sabini na moja,
melini, kwa matabibu waliokuwa wakipita.
Saa mbili. Likavunjika.
Wakasema anajikaza. Wakamwita mbishi.
Mpaka leo nyumbani tunamwita mbishi."
Akanyoosha kidole, hakugusa kioo.
"Hakuwa anajikaza. Alikuwa ameshikwa."

Leo nimefungua tena. Shuka ya mpira, darubini,
mlango nimeupanua kidogo kuelekea ulimi.
Faili namba sita, jembamba kama unywele wa mchanga,
limeingia, limegoma. Nimelitoa, nimelipinda ncha,
limeingia tena. Milimita kumi na tano. Kumi na sita.
Halijafika.
Mfereji unapinda pale pale picha ilipoonya,
na kuijua kona si kuikata.

Nimeweka dawa, nimeziba kwa muda. Arudi Jumanne.
Jaladani nimelifuta neno "analalamika",
nikaandika: alisema kweli.

Mlangoni, shavu limekufa ganzi, ameniuliza
kama naweza kumchapishia picha.
Ipi?
Ile ya nyuma, amesema, inayoonyesha upande wa ulimi.
Mama ana miaka themanini na saba,
na bado amemnunia daktari yule.